Salfa ya Alasiri

Watu wakisikia neno kifafa wanangoja mtu aanguke, atoe povu, apige teke ndoo ya jirani. Mie sianguki. Mie naganda. Nasimama palepale nilipokuwa, macho wazi, mdomo unatafuna kitu ambacho hakimo, mkono wa kulia unachezea kifungo cha shati kana kwamba natafuta chawa. Nakaa hivyo kidogo, halafu narudi. Anayeniona anadhani nawaza. Na kwa kuwa shule yangu iliishia darasa la saba na kazi yangu ni kupiga debe stendi ya Masasi, watu wananionea huruma. Maskini, leo naye anajaribu kuwaza.

Daktari alinieleza kwamba ni kifafa hichohicho, ila cha kwangu ni kipole. Nikamwambia, daktari, kama ni kipole mbona kinaniibia? Akacheka, akaniandikia vidonge. Lakini sikuwa natania. Kinaniibia kweli. Nimeshika kikombe cha kahawa ya moto, nikishtuka imepoa. Kivuli cha nguzo kilikuwa kwenye kidole gumba cha mguu, sasa kimehamia kisiginoni. Mtu niliyekuwa naongea naye kaondoka, na mahali pake amesimama mwingine, ananitazama anasubiri jibu la swali ambalo sikulisikia. Hapo katikati nilikuwa wapi, sijui. Mwili ulibaki stendi. Mimi nilikwenda mahali.

Kinachotangulia ni harufu ya salfa.

Kwa asiye wa huku: mikorosho ikianza kutoa maua tunaipulizia unga wa salfa ili isishikwe na ubwiriunga, ule ukungu unaokausha maua. Unapulizwa alfajiri, umande ukiwa bado juu ya majani, ili unga ugande. Ukipita njiani saa hiyo unaona moshi mweupe unatambaa kati ya miti, na ndani yake mtu mwenye pampu mgongoni, kajifunga kitambaa puani, hana uso. Jua likipanda upepo unaanza, kazi inasimama. Hakuna mwenye akili anayepuliza salfa alasiri. Kwa hiyo nikisikia salfa asubuhi, hiyo ni ya shamba. Nikiisikia alasiri, hiyo ni yangu.

Pamoja na harufu hiyo anakuja mtu. Nasema mtu kwa kukosa neno. Anasimama nyuma yangu, karibu kabisa, kama mtu wa foleni asiye na adabu. Ananijua. Anavuta pumzi kama anayetaka kuniita jina. Na kila kilicho mbele yangu, mbuzi, basi, mama anayemenya chungwa, nakiona kama nilishakiona siku nyingine. Nataka kugeuka nimwone huyo wa nyuma. Kabla sijageuka, nimeshakwenda.

Ningekuwa na mtu wa kumuuliza, "Wewe, unasikia salfa?" ingenisaidia sana. Akisema ndiyo, naendelea na kazi. Akisema hapana, nakaa chini. Lakini ukianza kuwauliza watu harufu kila alasiri watataka kujua kwa nini, na mama yangu alishaniambia siku ile ile tuliyotoka hospitali: "Mwanangu, hili libaki kwetu."

Alikuwa na sababu. Pale stendi tunakula sinia moja, wapiga debe, makuli na makonda, mikono yote kwenye ugali mmoja. Kulikuwa na kuli mmoja, kijana mwenye nguvu, anabeba gunia la korosho anaimba. Siku moja akaanguka mchana kweupe, kifafa cha kuangusha. Watu walikimbia kama wameona nyoka. Kesho yake alipokuja kula, alikuta chakula chake kimewekwa pembeni kwenye sahani ya plastiki. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyesema kitu. Sahani tu, pembeni. Wanaamini inaambukiza kwa mate. Akala peke yake siku chache, halafu hatukumwona tena. Ile sahani ilibaki kwa mama lishe, na mimi kila nikiiona naona kama inanisubiri.

Basi hicho ndicho nilichokuwa nalinda. Sinia.

Msimu wa kupuliza salfa ukigongana na msimu wa kampeni, mimi ndiyo nachanganyikiwa. Mikutano huanza alasiri, watu wanatoka shamba moja kwa moja na salfa yao kwenye nguo. Unakaa katikati ya umati, harufu inakuja, hujui ni ya kichwa chako au ya mzee wa pembeni. Lakini nilikuwa siachi. Gari la matangazo likipita stendi inabaki tupu, utampigia debe nani? Nilikwenda ya vyama vyote. Chama hiki kofia, chama kile tisheti, nikivaa vyote pamoja naonekana kama kamba ya kuanikia nguo.

Nilikuwa na utaratibu wangu. Mbali na spika, maana mdundo wake ukinigonga kifuani unaniletea mambo. Karibu na nguzo, ili nikienda mwili uwe na kitu cha kuegemea. Tumboni niwe nimetia kitu. Na hapo ndipo taabu, kwa sababu mtu mzima haruhusiwi kuegemea nguzo. "Wewe kijana, una misuli hiyo, njoo tubebe jenereta." Nikisema naumwa wananikagua juu hadi chini, wanakosa kidonda. Nabeba jenereta.

Nimekosa ahadi nyingi kwa namna hiyo. Mgombea alianza na maji, nikaenda, niliporudi alikuwa ameshafika kwenye barabara. Wenzangu walisikia maji yote mpaka mwisho, mimi sikusikia, na hadi leo tuko sawasawa, wote tunakwenda kisimani.

Mambo yaligeukia msibani, Lupaso.

Alifariki mzee mmoja ambaye ukoo wake na wetu ni watani. Mtani kwenye msiba ana kazi yake: wakati wengine wanalia, yeye anamwigiza marehemu. Anavaa koti lake, anatembea mwendo wake, anadai chakula kwa sauti yake, watu wacheke kidogo mioyo ipumue. Na marehemu huyu alikuwa rahisi kuigiza. Alikuwa na tabia ya kusimama njiani ghafla, jembe begani, akatazama mbele kwa muda, mdomo ukicheza. Kijiji kizima kilisema anahesabu mikorosho yake. Akimaliza anauliza, "Tumefikia wapi?" na kuendelea na safari.

Nikavaa koti lake. Bado lilikuwa na joto, labda la jua. Lilinuka salfa, nikajiambia ni ya mwenyewe, alipuliza wiki iliyopita. Nikaweka jembe begani, nikatembea kuelekea waliko akina mama. Halafu nikahisi yule wa nyuma, karibu kuliko siku zote, kama vile tumo wawili ndani ya koti moja.

Niliporudi, uwanja wote ulikuwa chini. Wanaume wanagaragara. Akina mama wanacheka machozi yanatiririka. Rafiki yangu wa bodaboda aliyenileta alikuwa ameshika mti asianguke.

"Mtani, umemfufua," akasema. "Mpaka mdomo. Mpaka vidole. Umejifunzia wapi wewe?"

Mimi nikauliza, kwa sababu kweli sikujua, "Tumefikia wapi?"

Nusura waniue kwa kicheko.

Mjane peke yake hakucheka. Alikaa mkekani, ameuma pindo la kanga, ananitazama kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali.

Siku ya arobaini nilikwenda kusalimia. Binti yake wa mwisho alituletea uji akaondoka. Mjane akasubiri mpaka mlango ufungwe.

"Shikamoo mama," nilikuwa nimeshasema, na marahaba yake nilikuwa nimeshaipata, lakini akaniuliza kama tunaanza upya: "Hujambo kweli wewe?"

"Sijambo mama."

"Mume wangu hakuwa akihesabu mikorosho," akasema.

Nikaweka bakuli la uji chini.

"Hakumwambia mtu. Mimi nilijua mwaka wa kwanza wa ndoa. Nikawa namfuata nyuma shambani, naokota jembe." Akakoroga uji ambao ulishakorogwa. "Siku ile msibani wewe hukuwa unaigiza."

"Mama, mtani haulizwi anavyoigiza."

"Haya." Akatabasamu kidogo. "Basi tuombee. Huyu binti posa yake imeshaletwa. Watu wa Newala."

"Na mimi mtani wenu sikuulizwa? Ng'ombe wangu wako njiani."

"Wako njiani tangu babu yako," akasema, na tukacheka, na lile neno tukaliacha palepale chini ya kigoda.

Lakini sifa haikubaki Lupaso. Pale stendi wakaanza, "Mtani, ganda tuone." Mimi nawaambia kipaji hakiagizwi kama chapati. Kisha kinakuja chenyewe alasiri, nikiwa nimeshika mlango wa basi nalia "Newala Newala Newala," naganda na neno Newala mdomoni, stendi nzima inapiga makofi. Hebu fikiria. Kitu nilichokificha kwa miaka kimesimama hadharani, kinashangiliwa, na hakuna anayekiona.

Jamaa mmoja wa hamasa, mtu wa kupanga mikutano na kuchangamsha watu kabla mgombea hajafika, akaniona. Akaniweka jukwaani Masasi mjini, nikatania watu, wakacheka. Akanipeleka Chidya. Pale nilitania mpaka nikaishiwa, jua kali, sijala, spika ziko magotini kwangu, na ugonjwa ukaja wenyewe mbele ya watu. Makofi. Jamaa akanikumbatia. "Wewe una nidhamu ya kazi," akaniambia. Nikasema ahsante. Ningesema nini?

Ningeweza kukataa kwenda Newala. Nilijiuliza nikikataa nitatoa sababu gani, nikakosa yenye afya.

Newala ni juu, upepo wake unakata. Sisi wa Masasi tunapanda kule na mashati mepesi, tunafika tunatetemeka. Uwanja ulikuwa umejaa mpaka kwenye barabara. Nikashika maiki.

"Akina mama wa Newala, shikamooni."

"Marahaba."

"Naona mmevaa masweta. Sisi Masasi tumekuja na jasho letu, tumelibeba kwenye ndoo. Tubadilishane, sweta moja ndoo moja."

Wakacheka vizuri. Newala wanacheka kwa pamoja, kama mvua inayoanza. Nikaanza habari ya mgombea aliyekwenda kijijini akakuta watu wote wako shambani, akawahutubia mbuzi. Nilifika pale mbuzi wanapouliza maswali. Upepo ukaleta salfa.

Jua lilikuwa limeshaelekea magharibi. Alasiri kabisa. Nikatazama nyuso za mbele nitafute hata mmoja aliyekunja pua. Hakuna. Na yule akaja akasimama nyuma yangu.

Nilirudi.

Jambo la kwanza nililoliona ni kimya. Si kimya cha watu wanaosikiliza, hicho kina kikohozi ndani yake. Hiki hakikuwa na kitu. La pili, hakuna aliyesogea. Uwanja mzima. Mama mmoja ameshika andazi karibu na mdomo, mdomo wazi, andazi haliingii. Mwanaume ameinama kufunga kamba ya kiatu, amebaki ameinama. Vijana wa bodaboda juu ya viti vyao, mikono hewani. Mzee anataka kukaa, hajakaa. Macho yote yako wazi, yote yananitazama, na hakuna jicho linalopepesa. Bendera tu ndizo zilikuwa zinapiga. Na mtoto mchanga mgongoni kwa mama yake, anageuza shingo huku na huku, anamtafuta mtu yeyote anayecheza.

Macho yangu na ya mtoto yakakutana. Tulikuwa sisi wawili tu.

Nikajiambia, basi, ndiyo huku. Huku ndiko ninakokwendaga kila siku, ila leo nimesahau kusahau. Huku watu wamesimama hivi siku zote, wanangoja. Na nikajua yule wa nyuma bado yupo, kwa mara ya kwanza hajaondoka, namsikia anapumua.

Nikageuka. Maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kugeuka.

Alikuwa jamaa wa hamasa. Amesimama hatua moja nyuma yangu, maiki ya pili mdomoni, meno nje, ameganda katikati ya kicheko. Ndevu moja ilikuwa inatikiswa na upepo.

Akakonyeza. Halafu akalipuka kucheka, na uwanja wote ukalipuka, mandazi yakaingia midomoni, mzee akakaa. Kumbe nilipoganda aliwatangazia watu: huyu akiganda nasi tugande, atakayetikisika wa mwisho ana kofia yake. Walicheza tu. Watu wazima, wapiga kura.

Nikacheka na mimi. Nikashika nguzo ya jukwaa. Na hapo nikamwona mmoja ambaye hajacheka.

Alikuwa mbele, kwenye kamba. Yule binti wa Lupaso. Kushoto kwake mama yake, mjane. Kulia kwake mama mnene mwenye kanga mpya, ambaye kwa jinsi alivyomshika binti mkono kama mtu aliyeshika mali yake, sikuhitaji kuambiwa kuwa ni mama mkwe mtarajiwa. Watu wamemzunguka wanatikisika kwa kicheko, yeye ametulia. Vidole vyake vilikuwa vinachambua pindo la kanga, uzi kwa uzi. Mdomo ulikuwa unatafuna.

"Huyu kashinda," mtu akasema. "Mpeni kofia huyu."

Wakashangilia. Kijana mmoja akampungia mkono mbele ya macho. "Dada, mchezo umeisha." Akampungia tena. "Dada."

Kicheko kikaanza kupungua kuanzia pale alipo yeye, kikipungua kwa duara, kama maji yanayokauka. Nakijua kicheko kile. Ndicho kilichotangulia mbio siku ile kuli alipoanguka.

"Mwanangu," mama mkwe akasema, "mbona hivyo?" Akamtikisa mkono. Akamwachia mkono. Mwanamke wa nyuma yake akamnong'oneza mwenziwe kitu, na huyo mwenziwe akarudi nyuma kidogo, akavuta mtoto wake.

Mjane alikuwa ameuma pindo la kanga. Hakumtazama binti yake. Alinitazama mimi.

Nilikuwa na maiki mkononi. Ningeweza kusema ukweli. Jamani, mwacheni, na mimi ninao. Ningemwokoa siku hiyo na kutuangamiza sote wawili kesho yake, yeye na ndoa yake, mimi na sinia langu. Ningeweza pia kuanza mzaha mwingine, watu wangenitazama mimi, lakini si wale waliokuwa karibu naye.

"Nani kasema mchezo umeisha?" nikasema.

Wakageuka.

"Mimi nilisema umeisha? Mmesikia sauti yangu? Nimepanda kutoka Masasi mpaka huku kuja kushindana, mtu pekee wa Newala anayejua kazi ni huyu hapa, nyie mnamsumbua. Kila mtu agande. Na wewe kijana na mkono wako huohuo. Ganda."

Kijana akaganda na mkono wake hewani. Nikaruka chini ya jukwaa, nikapita chini ya kamba, nikasimama uso kwa uso na binti. Kwa mara ya pili uwanja ukafa.

Sasa nisikilizeni. Sijawahi kuigiza kuganda. Hata mara moja. Zote mlizopigia makofi zilikuwa za kweli, na mwenyewe sikuwepo. Sikujua inafananaje. Ikabidi nimtazame yeye nimwige. Vidole hivi, nikashika kifungo changu. Mdomo hivi, nikatafuna. Kumbe ndivyo nilivyo, nikawaza. Kumbe uso unabaki mzuri tu, kama nyumba iliyofagiwa ambayo wenyewe wamesafiri.

Macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa yanapita juu ya bega langu la kushoto, yametulia juu ya kitu fulani nyuma yangu, kwa kimo cha mtu. Safari hii jamaa wa hamasa alikuwa jukwaani, mbali. Sikugeuka.

Mtoto mchanga akalia mara moja, akanyamaza.

Kisha ulimi wake ukatoka, ukalamba mdomo. Kope zikapepesa. Alirudi. Nikaona macho yake yakianza kusafiri: kijana na mkono wake hewani, mama mkwe kama sanamu, watu nyuma ya watu mpaka barabarani, wote kimya. Nikaona kile nilichokiona mimi muda mfupi uliopita, safari hii kwenye uso wa mtu mwingine.

"Wamekufa?" akauliza, sauti ndogo.

"Hapana," nikamjibu bila kuchezesha midomo. "Wanatungoja."

"Tangu lini?"

"Sasa hivi tu. Wewe ni mtani wangu, sivyo? Nipige kofi."

Akanitazama. Akatazama mama yake. Halafu akanipiga. Nilitegemea kofi la mtu anayetoka usingizini. Lilikuwa kofi la mtu anayetwanga muhogo tangu utoto. Nikazunguka kweli, nikakaa chini kwenye vumbi, na akainama akanivua kofia akaivaa yeye.

Uwanja ukapasuka. Watu waliruka juu. Yule kijana wa mkono alikuwa anacheka ameshika tumbo.

Mama mkwe peke yake akakunja uso. "We binti, unampigaje mwanaume wa watu hadharani?"

"Ni mtani wake," mjane akasema, haraka, mara ya kwanza nasikia sauti yake siku hiyo. "Wanatuudhi hawa tangu zamani. Hata msiba wa baba yake alikuja kutuchekesha."

"Ahaa." Uso ukafunguka. Mtani ana ruhusa, kila mtu anajua. "Basi umwongeze la pili."

"La pili nalipia mahari, mama," nikasema nikiwa chini. Akacheka mpaka kanga ikamfunguka.

Mgombea akafika, akahutubia. Mimi nilikaa nyuma ya jukwaa kwenye jenereta, shavu linawaka. Jamaa wa hamasa akaja mbio. "Yule binti ni wa kundi lako? Tumchukue. Mkiwa wawili tunaua."

"Anaolewa," nikamwambia. "Na mimi nimeacha."

"Umeacha nini? Kipaji?"

"Kimeniacha chenyewe. Kofi limekitoa." Hilo aliliamini. Ukisema neno la kipuuzi kwa uso mkavu watu wanaliamini kuliko cheti cha daktari.

Mkutano ulipokwisha, mama mkwe akamtuma mtu aniite nikale nao, nyumba yake iko jirani na uwanja. Binti alikuwa amekaa barazani na kofia yangu kichwani. Mama yake na mama mkwe walikuwa ndani wanapakua.

"Wewe kabla hujaganda unasikia nini?" akaniuliza bila kunitazama.

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. "Salfa," nikasema.

"Mimi maji. Kama mtu anamimina maji nyuma ya kisogo changu, taratibu." Akavuta uzi wa kanga. "Uliwahi kugeuka?"

"Leo."

"Ukaona nini?"

"Jamaa wa hamasa na meno yake."

Akacheka. Halafu akaacha. "Mimi leo sikuwa na haja ya kugeuka," akasema. "Leo hakuwa nyuma yangu. Alikuwa amesimama nyuma yako."

Nilitaka kumuuliza alikuwa na sura gani, lakini mama mkwe akatoka na sinia, ugali wa muhogo na kisamvu, moja kwa sote wanne. Tukanawa. Mama mkwe akakaa karibu yangu kabisa, akanisogezea upande wenye kisamvu kingi, kwa ajili ya shavu langu.

Nilinyoosha mkono. Na pale upepo ukapinda kona ya nyumba.

"Jamani," nikasema, nikashangaa kujisikia nasema, "mnasikia salfa?"

Mama mkwe akainua pua, akanusa. "Salfa saa hizi? Nani atapuliza saa hizi? Hapana."

Mjane aliacha kutafuna.

"Mimi naisikia," binti akasema.

Sote wawili mikono yetu ikabaki hewani juu ya ugali. Tulitazamana. Ikiwa tunaisikia wawili basi ni ya shamba, nilijiambia, iko mahali fulani, kuna mjinga mmoja anapuliza alasiri. Ilibidi awepo. Tukangoja kuona nani kati yetu atakwenda.

"Kuleni basi," mama mkwe akasema, anatutazama mmoja baada ya mwingine. "Au mnacheza tena?"